Mihogo Michungu ya Kibua

Mimi hasira zangu ziko karibu, na asubuhi ile zilikuwa zimenifika shingoni. Exetat, mtihani wa serikali, ulikuwa mulangoni, na finaliste wangu wa chimie, msichana wa mwaka wa mwisho, hakuja kwenye kipindi. Mimi hufundisha watoto wa watu mu chumba changu, mmoja mmoja ao wawili, na huyu njo alikuwa tumaini langu. Zoezi la asidi lilikuwa ubaoni tangu jua kutoka. Nikangoja mpaka nikachoka. Nikafunga mulango, nikashika njia ya kwao, huku napanga maneno ya kumutupia.

Yeye na mama yake walitoka Karuba, kule kwenye milima ya ngombe na viazi. Vita ikawasukuma mpaka huku kwetu Kibua, kwenye pori. Mjane mmoja mzee akawapa chumba nyuma ya nyumba yake, na juma lile akawaonyesha na shamba lake la mihogo: chimbeni, kuleni. Mutoto alikuwa na kichwa. Alitaka kusoma udaktari, na mama yake hakupenda kumuona akishika hata ufagio.

Nilipofika, kiwanja kilikuwa kimejaa watu. Msichana alikuwa amelala kwenye mukeka, anatapika, kichwa kinamuzunguka. Nikamuwekea kiganja kifuani, moyo ulikuwa unakimbia ajabu. Vijana wa mtaa walikuwa wameokota mawe. Yule mjane alikuwa amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, na wote walikuwa wanamuangalia yeye.

— Amemupa mutoto wangu sumu! mama alikuwa analia. Tunakula mihogo ya shamba moja. Kwa nini yeye haumwi? Iko muzima kabisa!

Kusema kweli niliogopa. Swali lile lilikuwa na akili, na vijana walikuwa wanaitikia.

— Mama, mulipika namna gani? nikamuuliza.

— Kama muntu yeyote! Nimemenya, nimetia mu maji ya moto na maharagwe. Kama viazi.

— Haikuwa chungu?

— Ilikuwa chungu. Nikaongeza chumvi. Nilifikiri njo ladha ya udongo wa huku.

— Na wewe ulikula?

— Kidogo tu. Sahani kubwa iko ya mutoto. Si anasoma?

Hapo nikaelewa. Kwao Karuba muhogo unafika sokoni ukiwa unga tayari. Huku kwetu huu muchungu tunauloweka siku kadhaa, mpaka unalegea na kunuka, ndipo tunauanika. Hakuna muntu anafundishwa jambo hilo. Unazaliwa unakuta mama yako analoweka, basi. Mjane hakuwaambia kitu kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mwanamuke muzima asiyejua.

Nikapaza sauti kama niko ubaoni:

— Sumu iko ndani ya muhogo wenyewe! Inaitwa cyanure! Ni maji njo inaiondoa!

Yesu wangu! Walishika neno moja tu.

— Prof naye amesema iko sumu!

Kijana mmoja akasogea na jiwe lake. Mjane hakuinua hata macho.

Nikamuvuta mama pembeni. Nikamwambia, mihogo yote ya shamba lile iko hivyo. Yeye analoweka, wewe hukuloweka. Hakuna kitu kingine. Alinitazama kama nimemupiga kofi. Niliona ameelewa, na niliona hataki. Nani anataka kusikia kwamba ni sufuria yake mwenyewe?

Piki ikafika, ya kupeleka mutoto kwenye centre de santé, zahanati yetu. Tukamupandisha nyuma ya mwenye piki. Ilibaki nafasi ya muntu mmoja wa kumushika, nayo ilikuwa ya mama.

— Panda, Mama! nikamufokea. Unangoja nini?

Hakupanda. Alivuka kiwanja, akakaa kizingitini, bega kwa bega na mjane, akasema mbele ya wote:

— Ni mimi. Ni mukono wangu. Mumuache.

Hakuna aliyeweka jiwe chini. Nikapanda mimi. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu na kutukana, yote pamoja.

Kule walimutundikia serum, maji ya kuingia mushipani. Alipopata sauti, akauliza:

— Prof, mama iko wapi?

Nikasema anakuja. Sikujua kama nasema kweli.

Kesho yake asubuhi walikuja kwa miguu, wote wawili. Mama alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, damu imekaukia kwenye nyusi. Kitambaa kile kilikuwa kipande cha kitenge cha mjane. Mjane mwenyewe alikuwa amemushika mukono, na hakuuachilia hata walipoingia.

Mutoto akajaribu kuinuka.

— Mama! Ni nani amekutupia jiwe?

Mama akakaa pembeni ya kitanda, akamushika miguu.

— Usiulize nani, mwanangu. Yale mawe, ni mimi niliyaita.