Mzee Pazi Alipokataa Kula Yamini

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, kengele, Msahafu na Biblia. Ilikuwa mahakama ndogo ya mwanzo upande wa Kisarawe, miaka michache baada ya Uhuru. Karani, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni, aliniuliza jambo moja tu.

"Dada, udhu unao?"

"Ninao."

"Basi Msahafu utashika wewe. Mimi jana nilikunywa."

Cheo changu kiliitwa mhudumu. Nilifagia, niliita majina mlangoni, kisha nikampelekea kila shahidi kitabu cha dini yake ale yamini, yaani aape kwa Mungu kuwa atasema kweli. Siku zangu za mwezi zikifika nilimwambia karani mbele ya watu, "Leo beba mwenyewe, ulevi wako shauri yako." Sikuona haya wakati ule, na leo sioni.

Shule niliishia darasa la pili. Tofauti ya kudhani na kujua nilifundishwa na hakimu wangu wa kwanza, mtu mzima wa pwani. Alikuwa akisema, "Shahidi akikwambia anajua, muulize anajuaje." Ukiona moshi kwa jirani ukasema anapika, hiyo ni dhana. Ukiingia ukafunua chungu ukakuta kisamvu, hiyo ni yakini. Na kiapo hakigeuzi dhana kuwa yakini, hata uape mpaka mate yakauke.

Baadaye nilihamishiwa Kibaha. Watu walikuwa wameshahamia vijiji vya ujamaa, mashamba ya zamani yamebaki nyuma, na wajanja wameanza kuyanyemelea. Hapo ndipo alipokuja Mzee Pazi wa kijiji cha Janga. Alimshitaki jirani yake Kibwana kwa kumchukulia mikorosho minane, mali pekee aliyokuwa nayo.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa kijana kutoka bara, msomi, suti ya Kaunda imepigwa pasi. Kibwana aliitwa, akaupokea Msahafu kama anapokea sahani ya pilau. "Wallahi, billahi, tallahi, mikorosho yangu!" Nikampelekea Mzee Pazi. Akarudisha mikono nyuma.

"Mwanangu hakimu, mikorosho nimepanda mimi. Lakini kumtaja Mungu kwa ajili ya korosho, hapana. Namwogopa."

"Mzee, anayesema kweli haogopi kuapa," hakimu akasema. "Ukikataa, sikusikilizi. Nafuta madai yako."

Huko alikotoka labda ndivyo walivyoona. Kwetu Uzaramoni mcha Mungu hukwepa yamini hata akiwa na haki, na mwenye kukimbilia Msahafu ndiye tunayemkodolea macho. Niliona kalamu inashuka kwenye faili. Nikasema pale pale, kitabu mikononi.

"Mheshimiwa, amekataa kiapo. Kweli hajaikataa."

"Mama, kazi yako kufagia!"

"Na kushika kitabu hiki. Miaka yote hii naiona mikono inayokipokea. Wewe umefika juzi."

Watu wakaguna. Kibwana akadakia, "Mhudumu amekuwa sheikh!"

"Nyamaza, Kibwana," nikamwambia. "Wewe umeapa mara tatu na hujaulizwa hata swali moja."

Hakimu alisimama. Karani wa pale Kibaha ndiye aliyemnong'oneza kuwa sheria inamruhusu mtu kuthibitisha, yaani kuahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu. Hakimu akafungua kitabu chake, akasoma, akakaa. Mzee Pazi akathibitisha. Kisha kila mmoja akaulizwa peke yake, mwenzake ametolewa nje, aieleze mikorosho hiyo.

Kibwana alisema yote mizima, inazaa vizuri. Mzee Pazi alisema, "Wa tatu kutoka njiani umeungua upande mmoja. Chini ya wa mwisho nilizika kondo la nyuma la binti yangu, nikaweka jiwe la kusagia lililovunjika." Tukaenda Janga sote kwa miguu. Wa tatu umeungua. Karani akachimba kidogo, jiwe likatoka. Mzee hakushangilia, alilifukia upesi kwa mguu, kama mtu anayefunika mtoto. Mikorosho ikarudi kwake.

Kesho yake hakimu aliniita. Mbele yake kulikuwa na barua ya onyo kwa kusema mahakamani bila ruhusa. Nilikuwa nimepitia kisomo cha watu wazima, nikaisoma mwenyewe polepole, nikatia saini. Ni kweli nilisema bila ruhusa.

"Sasa andika hapa chini kwamba unajuta na unaomba radhi," akasema. "La sivyo sitakupendekeza kupandishwa cheo."

"Sijuti, mheshimiwa. Unataka niandike uongo kwenye karatasi ya serikali?"

Nimestaafu na cheo kile kile cha mhudumu. Wajukuu zangu hapa Mkuza husema bibi angenyenyekea kidogo tu, angekuwa karani. Ningekuwa, naam. Nami nawauliza: niwe karani wa nini, kama jina langu mwenyewe nimeliandika chini ya neno nisiloliamini?