Taipisti na Kompyuta ya Wifi Yake

Kabla hajawa fundi wa kompyuta wa chuo cha uuguzi, alikuwa taipisti pale pale kwa miaka kumi na tisa. Vidole vyake vilikuwa na mbio hata wenzake wakampachika jina la Cherehani. Mashine za taipu zilipopelekwa stoo, wengi waliona mwisho wake umefika. Yeye akaomba kompyuta moja mbovu, akaifungua juu ya meza ya kulia nyumbani, akaifunga, akaifungua tena, mpaka mumewe akazoea kula amepakata sahani. Baada ya miaka miwili chuo kikamkabidhi bisibisi sita na funguo za chumba cha mitambo.

Aliyekataa kuukubali ufundi huo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa nyumbani: wifi yake, mdogo wa mumewe, msajili wa wanafunzi chuoni hapo. Katika kikao kimoja cha familia, wifi alisema mbele za watu kwamba kompyuta yake ikiharibika atamwita fundi aliyesoma, si mtu wa taipu. Cherehani alicheka pamoja na wengine, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Tangu hapo wakawa wanasalimiana mlangoni tu na kupitana.

Alhamisi moja, saa sita mchana, simu yake iliita.

"Wifi, njoo ofisini kwangu. Njoo mbio!"

Alimkuta wifi amevua viatu, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Kwenye kioo kulikuwa na kufuli jekundu na maneno: *Muunganisho huu si salama.* Tovuti ya baraza la mitihani ilikuwa inafungwa saa tisa alasiri, na wanafunzi hamsini na watatu hawajasajiliwa hata mmoja.

"Nimezima, nimewasha, nimefuta kumbukumbu zote za kivinjari," alisema wifi. "Na yule fundi wangu hapokei simu. Hapa chini pameandikwa 'endelea hivyo hivyo'. Nibonyeze?"

"Thubutu! Unaambiwa mlango huu huenda si wenyewe, halafu uingize neno lako la siri na vitambulisho vya watoto wa watu?"

Wifi akarudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Cherehani akavuta kiti. Alijaribu kivinjari kingine: kufuli lile lile. Akafungua dirisha la faragha: vile vile. Akatoa simu yake, akaiunga kwenye mtandao wa chuo, akaandika anwani ile ile. Ukurasa ukafunguka bila kinyongo.

"Tovuti ni nzima, mtandao nao ni mzima," alisema. "Mgonjwa ni kompyuta yako."

"Basi tuwasajili kwa simu."

"Picha na vyeti vyao vyote viko humu ndani. Tulia kwanza."

Hapo mkuu wa chuo akapiga simu ya mezani. "Nasikia wifi haifanyi kazi huko?"

"Wifi anafanya kazi, mzee," alijibu Cherehani, "tena jasho linamtoka."

Mkuu akacheka mpaka akakohoa. Wifi naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaonyesha meno.

Ndipo macho ya Cherehani yalipotua kwenye pembe ya kioo. Tarehe mosi Januari, miaka kumi na mitatu nyuma.

"Kompyuta yako inaishi mwaka gani, wifi?"

Wifi aliinama, akasoma, akashika mdomo. "Mwaka huo nilikuwa sijaolewa!"

"Ndiyo shida yenyewe. Tovuti salama ina hati yake, kama kitambulisho, yenye tarehe. Kompyuta ikiona hati imetolewa miaka ambayo bado haijafika, inaikataa."

Akarekebisha tarehe na saa. Kufuli jekundu likatoweka, ukurasa ukafunguka. Wifi akapiga makofi, akakaa, akaanza kusajili, Cherehani akimsomea majina.

Walipomaliza mwanafunzi wa kumi na nane, umeme ulikatika na kurudi papo hapo. Kompyuta ikajiwasha. Kufuli jekundu likarudi, na Januari yake.

"Umeona sasa!" wifi alilia. Ilikuwa saa saba unusu.

Cherehani alizima mashine, akachomoa waya, akalegeza skrubu. "Nimulikie."

Wifi akapiga magoti sakafuni na tochi ya simu. Ndani, katikati ya vumbi, kulikuwa na betri bapa, ndogo kama kifungo cha koti.

"Hii ndiyo inayotunza saa umeme ukiwa haupo. Imekufa." Cherehani akanyanyuka. "Kile kipimo cha sukari cha darasa la vitendo kinatumia kama hii."

Alikwenda nusu akikimbia, akamwomba mkufunzi, akarudi nayo kiganjani. Aliipachika, akaweka tarehe upya, kisha kwa makusudi akachomoa waya ukutani. Wifi akafumba macho. Kompyuta ilipowaka, tarehe ilikuwa ya Alhamisi ile ile.

Wale kumi na wanane walikuwa wameshapokelewa. Waliobaki wakaingia mmoja mmoja, na wa hamsini na tatu akapita saa nane na dakika hamsini na moja. Wifi akaegemea kiti.

"Siku ile nilikosea," alisema taratibu. "Tena nilisema mbele za watu."

"Watu ishirini," alisema Cherehani. "Mimi niliwahesabu."

Wifi akachukua simu yake, akafungua kundi la familia, akarekodi sauti: "Jamani, mwenye kompyuta inayomsumbua asihangaike. Fundi tunaye, mke wa kaka. Leo kaniokoa." Akaituma bila kuisikiliza mara ya pili.

Jumatatu iliyofuata walizunguka ofisi zote pamoja, mmoja na bisibisi, mwenzake na daftari, wakikagua betri. Walikuta nne zimekufa. Kila mlango wifi alitangulia kubisha, na kabla mwenye ofisi hajauliza lolote, yeye ndiye aliyeeleza habari za hati na tarehe, kwa kujiamini kabisa, kama vile amezijua maisha yake yote. Cherehani, nyuma yake, aliuma midomo asicheke.