Tulipodunga Machungwa

Juzi nilikwenda Kariobangi kumwona dada yangu, nikakuta machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya njia, nikajikuta nimeshika moja kama mtu anayetaka kulidunga sindano. Usinicheke. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa msichana wa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kila Jumatano baada ya masomo, sista wa zahanati alitufundisha kazi ya uuguzi katika ukumbi wa mtaa. Tulifungana bendeji, tukapimana joto, kisha tukayadunga machungwa kwa bomba la sindano la kioo lililochemshwa kwenye sufuria. Baadaye tuliyala, maji yakitiririka hadi viwikoni. Sista alitushonea kofia nyeupe. Yangu sikuivua hadi nyumbani, nikipita polepole mbele ya milango ya watu ili wanione. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakaanza kuniita daktari, nami nikaitika.

Jumamosi moja asubuhi jirani yetu, mama aliyeuza mboga sokoni, akaniita kwake. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa akiwaka homa. Mezani palikuwa na bomba la sindano na kichupa cha dawa, vyote alivyouziwa na mchuuzi. Foleni ya zahanati ingemmalizia siku, na mboga zake zilikuwa zikinyauka.

"Si unafundishwa huko? Mdunge tu, mama, niende soko," akasema, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani.

Niliogopa, ndugu yangu. Sista alikuwa ametuonya kwamba sindano ikikosea mahali pake kwenye tako humlemaza mtoto, na mtaani kwetu kulikuwa na msichana aliyeburura mguu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini niliona haya kusema siwezi, mimi daktari wa watu. Nikavuta dawa. Nikainama. Ngozi yake ilikuwa moto, na alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

Nikaliachia bomba sakafuni, makusudi, likapasuka.

Mama aling'aka. Aliniita mzembe, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio kwenda zahanati huku akinilaani. Huko waligundua ni nimonia, mtoto akapelekwa hospitali kubwa, akapona. Sista alikitazama kile kichupa cha dawa alichopelekewa na mama, akakitupa. Mimi sikuitwa daktari tena. Nilikubali kuwa mzembe, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli.

Ule ukumbi umebomolewa na mabomba ya kioo hayapo tena. Wala hayupo mama wa kumkabidhi msichana wa jirani mtoto wake mgonjwa, hivi hivi, kwa kumwamini tu. Siku hizi hatujui hata anayeishi mlango wa pili. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, na jirani yule tuliendelea kusalimiana kila nilipokwenda nyumbani. Mwaka jana tulimzika kwao Machakos. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia, nikaogopa zote.