Kamera ya Mtoto na Kiwiko cha Baba

Swali lililoninyima usingizi halikuwa kubwa. Mtu mwingine angelijibu huku akipiga mswaki. Nilitaka kununua kamera ya kumfilimu mtoto wangu wa kwanza, na sikujua ninunue ipi. Ndiyo hayo tu. Lakini mimi swali likiniingia linaita ndugu zake wote. Je, kama haioni vizuri ndani ya chumba chenye giza? Kama betri inakufa katikati? Kama naipeleka Kabambare kwa pikipiki na vumbi linaingia kwenye kioo chake? Kama mama yangu anaitazama filamu mpaka mwisho asimwone mtu wake hata mmoja?

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mengine yalikuwa yanalisindikiza.

Mama anakaa Kabambare. Mguu wake umevimba, hawezi kupanda pikipiki, na njia ile hata wazima hushuka wakasukuma. Mtoto alikuwa amezaliwa hapa Kasongo, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu, na siku ya arobaini, siku ya kumtosha mtoto nje, yaani kumtoa ndani mara ya kwanza, mama asingekuwapo. Nilimwahidi kwenye simu kwamba nitamletea filamu. Alicheka.

"Leta," alisema. "Lakini iwe na watu wetu ndani. Isiwe kama ile ya dada yako."

Ile ya dada yangu ni filamu ya harusi. Ilifanyika hapa hapa Kasongo. Na hapa kwetu mpiga kamera anafuata viti. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hakuna anayeivunja. Anaanza na sofa, walipokaa wakubwa, anawapitia mmoja mmoja polepole, anarudi tena kama mmoja wao alikuwa anapangusa jasho. Kisha viti vya plastiki vyenye mikono. Kisha viti vya plastiki visivyo na mikono. Mabenchi ni ya mwisho, kama nguvu ya betri imebaki. Baba alikuja toka Kabambare na tope mpaka magotini, ndani ya koti la kuazima, akakalishwa kwenye benchi la nyuma karibu na masufuria. Betri haikubaki. Sasa baba amefariki, na katika harusi nzima ya binti yake kilichosalia chake ni kiwiko kimoja na glasi ya chai. Tunajua ni chake kwa sababu ya lile koti.

Watu hupenda kuniambia kwamba hasira yangu ni huzuni. Si huzuni. Nakijua kile kiwiko, nimekitazama mara nyingi, na kila mara natamani kumshika mpiga kamera shingoni nimgeuze upande wa kulia. Hatua moja tu upande wa kulia.

Mtaniuliza, kwa nini nisitumie simu? Simu yangu ilikuwa na ufa, na katika familia yetu simu haina mwenyewe. Inaazimwa, inadondoka majini, inaibwa, na kila kilichokuwa ndani kinakwenda nayo. Nilitaka kitu cha kazi moja.

Sokoni kulikuwa na muuza redio na tochi aliyekuwa na kamera mbili ndani ya sanduku la kioo. Moja kubwa, nyeusi, inayoweza kumvuta mtu aliye mbali akaonekana karibu. Nyingine ndogo, ya kijivu, imekwaruzika, na ubavuni ina kioo kidogo cha kutazamia picha kinachofunguka kama mlango na kuzunguka.

"Chukua mukubwa," alisema. "Hii inavuta mutu toka ngambo ya muto mupaka apa."

"Mtoto wangu yuko mikononi. Nimvute kutoka wapi?"

"Atakimbia siku moja!"

Nilimuuliza betri inakaa muda gani. Nilimuuliza kama inaona gizani, kama kadi zake zinapatikana, kama inakubali kuchajiwa na umeme wa jua, maana usiku kwetu taa ni za jua na umeme wake hauwezi mizigo mingi. Nilimwomba aiwashe. Nilimwomba aizime. Nilirudi siku nyingine nikaanza upya, na ya tatu akaniona ningali mbali, akawaambia majirani kwa sauti:

"Lisansie amefika! Mutoto atatembea mbele ya yeye kuchagua." Kisha akanigeukia. "Kwa chuo kikubwa walikufundisha kuuliza tu?"

Wakacheka. Kila aliyemaliza chuo kikuu hapa anaitwa lisansie. Ukiwa na kazi ni jina la heshima, ukiwa huna ni fimbo. Mimi nachapa barua za watu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Niliondoka bila kununua, nimekasirika, na njiani nikaona kwamba nilikuwa nimesahau kuuliza juu ya sauti.

Nyumbani nilimkuta shangazi wa mke wangu amekaa katikati ya ua kama mtu anayepokea kodi. Ndiye ambaye angembeba mtoto kuvuka kizingiti siku ile, kwa hiyo kila kitu cha siku ile kilikuwa chake.

"Mukwe, acha kutembea sokoni," alisema. "Mupiga kamera tumekwisha kumuita. Ule wa kamera ya bega."

"Yupi? Aliyefilimu harusi ya dada yangu?"

"Yeye. Iko mwingine?"

"Huyo hapana, Shangazi. Nitafilimu mwenyewe."

"Na kale kakitu ka mukono moja?" Aliwatazama wanawake waliokuwa wanachambua mchele, akahakikisha wanasikia. "Watu watasema mutoto wa kwetu alitoshwa inje na tochi!"

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Nilimwambia juu ya baba na benchi. Nilisema vibaya, nilisema haraka, lakini nilisema yote. Hakunyanyua macho.

"Baba yako alikaa nyuma mwenyewe. Nani alimufunga kule?"

Mtu aliyetoka Kabambare na tope miguuni haketi mbele mwenyewe, anangoja aambiwe. Na aliambiwa, tena kwa adabu zote: Baba, karibu huku, huku kuna kivuli. Ningeweza kumweleza hilo. Badala yake nikaingia ndani.

Mke wangu alikuwa ananyonyesha katika mwanga mdogo wa dirisha. Nilimmwagia hasira yote. Nilimwambia nitanunua ile kubwa, inayovuta. Nitasimama pembeni ya ua na kuwafilimu watu wa mabenchi mmoja mmoja, meno yao yote, nitamfilimu mtoto toka kizingitini mpaka mwisho, na hakuna atakayenisogeza. Alinisikiliza. Akamhamisha mtoto upande wa pili.

"Na weye utakuwa wapi?"

"Nyuma ya kamera. Ningekuwa wapi?"

"Basi huyu atakuwa na baba gani?" alisema. "Atakuwa mukubwa, atatazama, ataniuliza: mama, baba alikuwa wapi? Nitamwambia: sikia, ule anayekohoa." Alicheka kidogo, si kwa furaha. "Wako alikuwa kiwiko. Weye utakuwa kikohozi."

Nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia shangazi. Nilitoka nikavuka ua bila kumsalimia mtu. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeuliza maswali yote ambayo mtu anaweza kuuliza juu ya kamera, gizani, kwenye vumbi, betri, kadi, na hilo halikunijia hata mara moja. Na mama kule Kabambare, ambaye mumewe alibaki kiwiko, angempata mjukuu wake na kumkosa mwanawe.

Nilikwenda moja kwa moja sokoni.

"Ile ndogo," nilimwambia yule muuzaji.

"Bila maswali?"

"Swali moja. Kile kioo cha ubavuni, kikigeuzwa mbele, mtu aliyekaa mbele ya kamera anajiona?"

Alikigeuza. Nikaiona sura yangu mle ndani, ndogo, imekunjamana.

"Lakini hii iko ya watu wa kujitazama," alisema.

"Ndiyo. Nataka kujitazama."

Siku ya arobaini ilipofika, sofa ziliazimwa kwa majirani zikapangwa mbele, na mabenchi yakawekwa kule kule, upande wa masufuria. Mpiga kamera alikuja na kamera yake begani na taa yake kubwa. Alinikuta mlangoni.

"Mukwe, niambie, wakubwa wako wapi? Nianze na nani?"

"Anza na benchi."

"Benchi iko na nani?"

"Iko na watu."

Alingoja nicheke. Kisha akaenda kuanza na sofa.

Niliingia chumbani nikaweka komeo. Mke wangu alikuwa amekwisha kuvaa, mtoto amefungwa katika kitambaa cheupe, macho wazi. Niligeuza kinu nilichokuwa nimekileta toka jikoni, nikaiweka kamera juu ya kitako chake, nikaifungua na kukizungusha kile kioo kitutazame. Kwanza tukaonekana vichwa tu. Nikasukuma kinu nyuma. Dirisha likang'aa mno, nikalifunika nusu kwa kanga. Mke wangu alisema, "Inatosha sasa," nikasema bado, akasema, "Inatosha."

Mlango ukagongwa.

"Mufungue!" Ilikuwa sauti ya shangazi. "Mulete mutoto! Wakubwa wanangoja!"

"Wangoje," nilisema.

"Unasema nini weye?"

"Nimesema wangoje!"

Nikabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka, nikaenda kukaa kitandani kando ya mke wangu, nikampokea mtoto. Katika kioo nilituona watatu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekatwa na ukingo. Nikasogea, nikamsogelea mke wangu mpaka bega langu likagusa lake, mpaka kiwiko kikaingia chote.

Shangazi aligonga tena kwa kiganja, akiniita lisansie, akiniita mtu asiye na adabu. Hayo yote yamo ndani ya filamu, yanasikika vizuri. Sauti ya kamera ile haina ubaya.

"Mama," nilisema nikiitazama ile taa nyekundu, "huyu ni mjukuu wako. Huyu ni mama yake. Na huyu hapa ni mimi."