Kifaru Kati ya Vikombe

Nilipoolewa Embu kutoka Meru, mashemeji walinitania mpaka nikazoea. Ati sisi Wameru tuna hasira za karibu, ati wanamwonea ndugu yao huruma. Nami nikawajibu vivyo hivyo, maana mdomo ninao. Laiti wangelala kwetu hata wiki moja. Katika nyumba yetu ya Dallas, mtaa wa hapa Embu mjini, mwenye hasira hakuwa mimi. Mimi nilikuwa mwenye kuogopa.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Aliendesha kifaru huko ng'ambo ya mpaka, na aliporudi akaacha jeshi, akapata kazi ya kuendesha lori la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mwili ulirudi mzima, tukamshukuru Mungu. Lakini mlango ukibamizwa na upepo alikuwa anaruka, halafu anakasirika kwa sababu ameruka, na aliyekuwa karibu naye alikiona cha moto. Siku moja sahani ilipita karibu na sikio langu ikavunjikia ukutani. Siku nyingine alinikamata mkono, na Jumatatu nikaenda kufundisha nimevaa sweta la mikono mirefu, jua linawaka. Nikajifunza kutazama mikono yake badala ya uso. Uso haukunipa habari yoyote, lakini mikono ilianza kutetemeka kabla ya jambo lenyewe, na hapo nilijua nitoke nje nikaanue nguo hata kama hazijakauka.

Kuhusu kule hakusema kitu. Mara moja tu, tukirudi kutoka mazishini, aliniambia kwamba mwenzake aliyekaa juu yake kwenye kifaru, penye kile kifuniko cha juu, alipigwa risasi, na kwamba walimshusha kwa ubavu wa kushoto. Nikangoja aendelee. Akaniuliza kama tumenunua unga.

Mshauri wa hospitali alimwambia atafute kazi ndogo ya mikono ya kutuliza akili. Mimi nilidhani atafuga kuku. Akarudi kutoka Nairobi na boksi lenye picha ya kifaru, na ndani yake vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, vidogo vingine kama punje ya wimbi. Nilichemka. Kati ya vitu vyote vinavyouzwa Nairobi, huyu mtu ameenda kununua kile kile kilichomharibu, akakileta mezani pangu. Niliuliza kwa nini. Akasema nimwache ajaribu, na kwa kuwa alisema kwa upole, nikamwacha.

Meza yetu ya kulia ikageuka gereji. Alikata vipande kwa kikata kucha, akasugua kingo kwa msasa laini, akavishika kwa kile kibano changu cha kutolea nyusi ambacho sijakiona tena mpaka leo. Mwanzoni mikono ilimkataa kabisa. Gurudumu likianguka chini ya meza, alikaa akilitazama huku mimi nimesimama jikoni na mwiko, nimeacha kupumua. Halafu aliinama, akaliokota, akajaribu tena. Minyororo ya magurudumu aliiunga pingili kwa pingili. Jioni moja nikagundua kwamba mikono imetulia, na kwamba nimekula chakula changu chote bila kuitazama.

Kumbe kujenga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchafua. Baada ya kukipaka rangi ya kijani, kikiwa kimependeza kama kimetoka dukani, alianza kukizeesha. Alipunguza rangi nyeusi kwa thina mpaka ikawa kama chai ya rangi, akaiacha itambae kwenye mifereji yote midogo. Alichana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, akachovya kwenye kahawia, akagusagusa pembe ili ionekane rangi imebanduka. Moshi wa mzinga aliuchukua kwenye masizi ya mshumaa. Mimi nikaingia katika kazi hiyo bila kujua. Aliniomba vipande vya chaki vinavyobaki darasani, vyeupe na vya njano, akavisaga.

Siku moja, kwa kutaka kusaidia, nilimletea udongo wetu kwenye kifuniko cha kopo, mwekundu kabisa, nikiwa nimeuchekecha. Akatikisa kichwa, akasema kule hakuna udongo mwekundu. Akaingia chini ya kitanda akatoa buti zake za jeshi, zile alizonikataza kuzisafisha, akazigonga moja kwa nyingine juu ya gazeti. Likatoka vumbi hafifu, rangi ya unga wa ngano. Hilo ndilo alilochanganya na chaki zangu akalipaka kwa brashi, taratibu, kuanzia minyororoni kwenda juu.

Na ubavuni, upande wa kushoto, kutoka kwenye kifuniko kuteremka chini, alipaka kitu kingine. Kutu nilikuwa nimekwisha kuiona, ilikuwa ya rangi ya machungwa. Hii ilikuwa nzito, karibu nyeusi. Aliipaka, akaifuta, akaipaka tena, majuma na majuma. Nilimuuliza mbona kutu ya hapo iko hivyo. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hiyo si kutu." Nikaelewa. Nilitaka kukitupa kifaru kile chooni. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia, na mimi nilikuwa nalala usingizi, kwa hiyo nikafunga mdomo wangu nikakilinda kitu kile kama yai.

Sasa, mama mkwe alikuwa ameweka ahadi kanisani kwao Kianjokoma kwamba mwanawe akirudi salama ataandaa maombi ya shukrani. Siku ikapangwa, Jumamosi, nyumbani kwetu, na wanawake wa kanisa wakaalikwa. Akafika asubuhi na mapema na ndizi, nduma na maziwa kwenye kibuyu, amejifunga leso tayari kwa kazi. Mama mkwe wangu hawezi kukaa na uchafu. Akikaa kwenye kiti chako, kwanza anakipangusa, na wewe unaona. Hajawahi kunisema, lakini ananiita "mwalimu" kwa namna ambayo nikiisikia najua sufuria zangu zina weusi.

Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kutafuta vanishi, ile isiyong'aa. Ilikuwa hatua ya mwisho. Aliniambia kwamba ukishainyunyiza, vumbi linashika milele, na bila hiyo hata ukipiga chafya linapeperuka. Mimi nilipotoka kwenda dukani kununua sukari na mchele nilimwonyesha mama mkwe kile kifaru, nikamwambia ni cha mwanawe, anakipenda sana, kisije kikapotea.

Hakikupotea. Niliporudi nilikikuta kwenye kichanja cha vyombo, kimepinduliwa miguu juu kati ya vikombe, kinadondoka maji. Kijani kitupu. Waya wa antena umepinda. Kwenye beseni maji yalikuwa na rangi ya uji, na pembeni mswaki wa zamani, nyuzi zake zimelala.

"Nimekuondolea aibu, mwalimu," mama mkwe alisema, akikausha mikono kwenye leso. "Wageni wa Mungu waje wakute tope juu ya meza?"

Mfuko wa sukari ukaniponyoka. Nikashika mlango. Kusema kweli, sikufikiria ile kazi yake yote ya majuma. Nilifikiria mikono yake, na nilimfikiria yule mama mfupi aliyesimama mbele yangu, kichwa chake kinanifika begani.

Kwa sababu mimi nikipigwa, ni mambo ya nyumba, ndivyo nilivyokuwa nimejidanganya. Lakini mtu kumwinulia mamake mkono ni habari nyingine, kwao Embu na kwetu Meru. Kirumi, laana ya mzazi, haina dawa ya hospitali. Kijijini kwetu kulikuwa na mwanamume aliyempiga mamake akiwa amelewa. Mama yule alivua leso yake mbele ya watu, akasema maneno machache, akaenda zake. Nilikuwa msichana, na namkumbuka yule mwanamume baadaye: hakuna aliyekubali kula naye sahani moja, hata ndugu zake, mpaka akahama. Mume wangu alikuwa ameshapoteza vitu vingi kule. Akipoteza na radhi ya mama, basi hakuna tena wa kumrudisha.

Nilimwomba mama mkwe aende kwa jirani apumzike kidogo. Akanishangaa. Apumzike kwa nini, amechoka lini, na hii si nyumba ya mwanawe? Nikamwambia nina wasiwasi, sikuweza kumwambia wa nini, maana wake wa huku hatuwachongei waume kwa mama zao. Akaendelea kumenya nduma. Nikachota vumbi la chaki kwenye kikopo alimolisagia mume wangu nikajaribu kukipaka kifaru kikiwa bado na maji, likawa ugali. Nikakiosha tena. Machozi yalinitoka kwa hasira, kwake, kwa mama yake, kwangu mwenyewe, kwa hao wanawake wa kanisa wanaotaka meza safi.

Nikasikia bodaboda ikisimama getini. Najua kishindo cha viatu vyake. Nikakitoa kifaru kichanjani, nikakiweka mezani mahali pake, nikasimama kati ya meza na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Akaingia na mkebe wa vanishi mkononi. Akatazama meza. 

"Ni mimi," nikasema. "Nimekiosha mimi. Sikujua."

Hata sauti yangu haikuniamini. Na kabla hajajibu mama mkwe akatoka jikoni na kisu cha kumenyea, amekasirika. "Usimdanganye mwanangu. Nimekiosha mimi, na kilikuwa kichafu."

Nikatazama mikono. Mkebe ulikuwa unagongagonga pete yake, tiki tiki tiki, vile ulivyotetemeka. Akauweka chini. Akapita kando yangu kana kwamba mimi ni kiti, na nikamshika shati mgongoni, nikaling'ang'ania, nikaomba kwa Kimeru, lugha niliyoomba nayo nikiwa mtoto. Hakuelekea kwa mama yake. Alikichukua kifaru, akakigeuza upande wa kushoto, akakisogeza dirishani penye mwanga. Akapitisha kidole gumba kutoka kwenye kifuniko kuteremka chini. Akapitisha tena.

"Mama," akasema, "hapa ubavuni ulitumia nini?"

"Mswaki. Na sabuni ya kufulia."

"Ikatoka?"

"Ilinisumbua hiyo. Lakini ilitoka."

Akavuta kiti akakaa. Bado nilikuwa nimeshika shati lake, nikaliachilia. Alipozungumza, alizungumza na kile kifaru.

"Sisi ilitukataa. Tulimwaga maji mpaka ya kunywa yakaisha. Tulisugua kwa mchanga, kwa mashati. Nikaendesha nayo hivyo hivyo mpaka kambini, jua linaikausha. Ikakataa kabisa."

Mama mkwe alisimama na kisu chake. Hakuwa anajua habari ya yule mwenzake. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akafikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa habari ya nguo.

"Mlikuwa na sabuni?"

"Hapana, mama," mume wangu akasema. "Hatukuwa na sabuni."

"Basi. Bila sabuni ingetokaje? Hamkukosea."

Hapo akainama mpaka paji la uso likagusa meza, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, hata usiku alipokuwa akiota. Mama mkwe alinitazama, kwa mara ya kwanza hakuniita mwalimu, hakuniita chochote. Akaweka kisu chini. Nje wanawake wa kanisa walikuwa wameshafika, wanaimba getini, wanagonga kwa nguvu, gaga gaga, na mume wangu hakuruka. Mama mkwe akafunga leso yake vizuri akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Nilimsikia akiwaambia wangoje kidogo, mwanawe anavaa shati.

Shati alikuwa amevaa. Nilikaa kwenye kiti cha pili. Mikono yake ilikuwa mezani, imekizunguka kifaru, inatetemeka yote miwili, na nilikuwa naiogopa bado, nisidanganye. Nikaishika.