Kompyuta Isiyozimwa ya Cheka Kidogo

“Nani amechomeka pasi? Mnataka kuniua?”

Hakuna aliyetaka kumuua. Mdogo wangu alitaka kunyoosha sketi ya shule ya mtoto, basi. Lakini mumewe, mpiga picha ambaye wateja humwita Cheka Kidogo kwa kuwa ndilo neno analojua, alishatoka mbio studio, chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, akachomoa waya kama anayezima moto.

“Umeme ukikatika kompyuta itazimika. Ikizimika haiamki. Halafu msije mkanilaumu.”

Diski ya kompyuta ilikuwa imeanza kugonga ndani, ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa sahani ya bati. Fundi alimwambia wazi: hii inakufa, nunua nyingine tuhamishe vitu. Akamjibu kuwa mafundi wote ni ndugu wa wenye maduka. Dawa yake yeye ilikuwa kutoizima, usiku wala mchana. Pasi ikapigwa marufuku, watoto wakawa wanakwenda shule wamekunjamana kama karatasi iliyotoka mfukoni. Feni ya sebuleni ikahamia studio kuipepea mashine, na mama yake mzazi akabaki kujipepea kwa kipande cha boksi. Mgonjwa wa nyumba hiyo alijulikana.

Mimi nilikuwa namdai. Si fedha; picha za harusi ya binti yangu. Binti kashazaa, mtoto kaota meno, picha bado “zinasafishwa, shemeji.” Ningenyamaza, lakini humo ndani alikuwemo baba yetu. Baba hakuwahi kucheka mbele ya kamera. Picha zake zote utadhani amekamatwa. Siku ya harusi Cheka Kidogo alimpata, mdomo wazi, pengo nje. Sasa baba hayupo, na picha ya namna ile ni hiyo moja.

“Shemeji, una wasiwasi bure,” akaniambia, feni ikipeperusha nywele zake chache. “Nimeihifadhi mara tatu.”

Fundi, niliyekuja naye siku hiyo akiwa na diski mpya mkononi, akauliza, “Mara tatu wapi, bosi?”

“Humo. Folda tatu. Moja nimeiita Salama.”

“Kwenye diski hii hii?”

“Kwani ninayo nyingine?”

Mdogo wangu akakalia stuli ya wateja. Ni kama nyumba inaungua, mtu anahamisha sanduku toka chumba hiki kwenda kile.

“Mwache fundi ahamishe leo,” akasema.

“Akiigusa ikafa?”

“Si itakufa tu.”

“Ikifa yenyewe ni mapenzi ya Mungu. Ikifa mkononi mwetu, mtasema nimemzika baba mkwe mara ya pili.”

Kumbe si ubahili. Alikuwa anangoja diski ijifie ili kesi aachiwe Mungu, ambaye haitwi studio kujibu.

Mdogo wangu akainuka, akaiokota pasi, akasimama na plagi karibu na tundu la ukutani. “Baba watoto, kesho naamkia sare. Chagua: fundi leo, au mimi asubuhi.”

Cheka Kidogo akamtazama mkewe, akaitazama pasi. Kisha kwa sauti ndogo, “Fundi, utaanza kwa kuizima?”

“Nani kasema kuzima? Nachomeka hii mpya pembeni, tunahamisha huku inawaka.”

Nguo zote zile zilizokunjamana, na hakuwahi kuuliza.

“Basi anza na mzee,” akasema.

Ko, ko, ko. Mzee akavuka. Wakavuka maharusi, wageni, na magari yenye maua. Katikati ya picha za sherehe diski ikagonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza. Fundi akatikisa kichwa. Hata Salama haikufunguka. Cheka Kidogo aliichukua feni, akairudisha kwa mama yake.

Kesho yake alikuja kwangu na bahasha, kavaa shati lililonyooshwa mpaka kola ikaungua. Nikamtoa baba: mdomo wazi, pengo nje. Nilimtazama mpaka nikasahau kumkaribisha mgeni.

“Keki ndiyo haikuvuka, shemeji,” akasema, bado yuko mlangoni. “Na vile walivyolishana.”

“Kaa,” nikamwambia. “Keki nimekusamehe.”