Mama Tshibola na Saa ya Uso

Alizaliwa Kolwezi tarehe 9 Februari 1939, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa nne wa Tshimanga na Mbombo, ambao waliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya shaba. Alibatizwa siku ya nane, akaitwa Félicité Tshibola. Wazee wa kambi husimulia kwamba maji ya ubatizo yalipomgusa hakulia. Mama yake alisahihisha: alilia baadaye nyumbani, tena siku tatu. Alipokua alitamani utawa, lakini masista walimrudisha kwa sababu alikuwa anacheka sana katika sala. Akajifunza kufunga vidonda, na mwaka 1961 akapangiwa dispensari ndogo ya kiwanda kimoja cha kukausha na kuchoma mawe ya shaba.

Huko ndiko Mungu alikomwitia, na hakumwita kwa malaika, alimwita kwa pua za watu. Wanaume walivaa maski za mpira tangu king'ora cha asubuhi hadi cha jioni, wakarudi na ngozi iliyochubuka puani, mashavu yenye vipele na alama nyekundu kuzunguka mdomo. Wengine, kwa maumivu, walivua maski ndani ya vumbi wakaanza kukohoa damu. Kulikuwa na desturi pia: mgeni wa kiwanda, siku yake ya kwanza, alipakwa usoni grisi ya mashine na msimamizi wao, kapita Kabongo, ili maski ishike vizuri, na wenzake wakapiga makofi. Grisi ilinasa vumbi na jasho, na baada ya juma moja uso wa mgeni ulikuwa kama embe lililoanguka.

Mama Tshibola alipomwomba aiache, kapita alimjibu, "Mama, wee unafunga bandeji. Maski ni ya banaume."

Hakubishana. Kesho yake alivaa maski, akakaa mlangoni mwa tanuri tangu king'ora hadi king'ora. Watoto wa kambi walimwita Mama Maski mwaka mzima. Jioni alipoivua, pua ilikuwa inatoka damu na shavu limelowa. "Tata Kabongo," alisema, "maski haina kosa. Kosa iko mu jasho yenye inabakia mule, na mu ile grisi yako."

Akapigania jambo moja miaka miwili: kwamba kila baada ya saa mbili watu watoke nje, upande upepo unakotoka, wavue, waoshe uso kwa maji safi bila kusugua, wakaushe ngozi na maski, wapumue. Wakubwa walipokubali, alitundika kipande cha reli mlangoni, akawa anakigonga kwa nyundo. Watu waliiita saa ya uso. Kapita Kabongo alikuwa wa mwisho kutoka, na baadaye wa kwanza.

Kufikia mwaka 1991 mashine nyingi zilikuwa zimenyamaza. Kisha likaja lile neno la wakubwa wa jimbo letu la Katanga, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, hata waliozaliwa hapa. Machi 1993 kijana Mukalay, wa kaskazini mwa Katanga, aliyefanya kazi kwenye tanuri na kutibiwa na mama huyu, alitumwa amtoe nyumbani na kuichoma nyumba, ili aonyeshe kwamba yeye si rafiki wa wanaofukuzwa. Alikuja mchana, amefunga kitambaa usoni. Wenzake watano walibaki barabarani.

"Mama, utoke," alisema.

Mama Tshibola alimtazama juu ya kitambaa, pale puani palipoanza kuchubuka tena.

"Unavaa ile kitambaa tangu wakati gani?"

"Tangu asubui, mama."

"Na iko na maji. Mi nilikufundisha nini, Mukalay?"

 Mama Tshibola akamletea beseni la maji. "Vula, unawe. Kisha uchome."

Mukalay alikaa kwenye kiti cha mama, akavua, akanawa, akakausha. Alipotoka, uso ulikuwa wazi na wenzake wote walimwona. "Hii nyumba haichomwe," aliwaambia. Haikuchomwa. Lakini kumbakiza mwenye nyumba hakuweza. Alimbebea sanduku hadi stesheni, na hapo mama akampa ile nyundo ya saa ya uso.

Majuma matano alilala stesheni kati ya maelfu, akiosha nyuso za watoto wenye surua. Alifariki ndani ya treni ya Kasai kabla ya kufika Lubudi, tarehe 2 Mei 1993, akazikwa kando ya reli.

Wapo wanaosema kidonda cha Mukalay kilipona saa ile ile. Mwenyewe hucheka: "Kilipona kisha juma mbili, sababu nilifanya bile alisema." Basi muujiza huo tunaurudisha kwa heshima.

Kanisa bado halijamwandika kati ya watakatifu. Sisi wa Manika, hapa Kolwezi, tumetangulia kidogo. Mwaka 2020, wauguzi wetu waliposhinda ndani ya barakoa hadi pua na nyuma ya masikio vikatoka damu, mzee Mukalay alikitundika nyuma ya dispensari kile kipande cha reli, alichokuwa amekitoa kiwandani. Alikigonga kila baada ya saa mbili. Wa kwanza kutoka kunawa alikuwa muuguzi Tshibola Darlène, mjukuu wa ndugu wa marehemu Mama Tshibola, aliyerudi kutoka Kasai. Mzee akamshikia beseni. Anayetaka kumfuata Mama Tshibola aanzie hapo: amshikie beseni mtu aliyekuja kumfukuza.